Nani Anafungua Koliflawa Zangu?

Mimi fundo langu nalijua. Nimeshona nguo za watu tangu sijaolewa mpaka macho yaliponiambia basi, na katika kazi hiyo yote kitu kimoja hakijawahi kunipiga chenga: fundo. Langu ni la kitanzi. Linashika, halilegei, na ukivuta ncha kwa kidole kimoja linafunguka bila ugomvi. Ndivyo ninavyofunga mfuko wa unga, aproni, mbeleko, na kamba za viatu vya mume wangu. Kwa hiyo asubuhi ile nilipoinama bustanini nikakuta koliflawa yangu imefungwa mafundo matatu, moja limemkalia mwenzake kichwani, yamekazwa kama mtu aliyekuwa anafunga mbuzi mkorofi, sikukasirika. Na mimi ni mtu wa kukasirika, waulizeni majirani. Siku hiyo niliogopa.

Lakini ngojeni nianze mwanzo, maana nikianza na hasira nitawapoteza.

Nyuma ya jiko letu kuna kipande cha ardhi, upana wake kama vyumba viwili, kimezungukwa na ukuta wa matofali. Geti lake la chuma halifunguliwi, komeo limeshika kutu. Ukitaka kuingia bustanini lazima upite jikoni kwangu. Miaka yote nilipanda vitunguu na mchicha kama watu wengine. Mwaka huu nikapita kwa mwuza miche pale njia panda, nikaona miche imekaa peke yake, ina majani ya kijivu-kijani, minene, inajisikia. Nikamuuliza hiyo ni kabeji gani.

"Hiyo koliflawa, mama. Lakini chukua kabeji tu. Kabeji inasamehe. Hiyo haisamehe, na haitaki watu wenye haraka."

Nani kamwambia mimi nina haraka? Nikachukua koliflawa, mistari miwili mizima, nikarudi nazo nimezikumbatia kama nimeshinda kesi.

Nikazilea. Samadi nilichanganya kwa mikono yangu. Maji asubuhi na jioni, udongo usikauke hata siku moja, maana mwuza miche alisema zikipata kiu zinanuna na kutoa ua dogo kama kifungo. Viwavi niliwatoa mmoja mmoja kwa vidole, huku nawatukana. Mume wangu alikuwa anakaa kwenye kiti chake pale ngazi ya jikoni, fimbo katikati ya magoti, anatoa ushauri ambao hakuna aliyemwomba.

Nyumbani kwetu tunaitana kwa kazi. Mimi Fundi, yeye Dereva, ingawa wote wawili tumeshastaafu na cherehani yangu sasa inabeba redio. Aliendesha malori ya masafa marefu, yale yenye tela, mpaka kiti kikamla mgongo. Aliporudi nyumbani moja kwa moja hakuweza kuinama hata kuokota kijiko. Daktari akampa fimbo na mazoezi. Fimbo aliipenda. Mazoezi alisema atayafanya. Tangu hapo kila asubuhi anakaa kwenye kile kiti, ananinyooshea mguu, mimi nachuchumaa, nafuta matope kwenye kiatu, nafunga kamba. Mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Nikiwa pale chini namhadithia mambo ya mtaa: nani kahama, nani kaposwa, nani kapigana na nani kwenye foleni ya maji. Halafu mimi nachukua kidumu nakwenda kununua maziwa, yeye anakwenda kukaa na wastaafu wenzake pale kwa fundi pancha, wanaongoza nchi.

Basi. Maua yakatokea. Siku nilipoona la kwanza, jeupe, dogo, limejificha katikati ya majani, nilipiga kigelegele mpaka jirani akauliza nani kajifungua. Nikakumbuka maneno ya mwuza miche: ua likifika ukubwa wa yai, kusanya majani ya nje, yainamishe juu yake kama paa, uyafunge. Jua likiliona, linageuka njano na linakuwa chungu. "Na ukishafunga, mama, usiwe na kiherehere cha kufungua kila saa. Liache gizani lifanye kazi yake."

Nikatoa mfuko wangu wa vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye nguo za watu. Kila koliflawa nikaipa ukanda wa rangi yake, na fundo langu juu. Ile ya pembeni, ya kwanza kutoa ua, nikaifunga kitambaa chekundu kilichobaki kwenye gauni la kitinda mimba wangu alipoolewa. Nikamaliza, nikasimama kuangalia. Zilikuwa zimepanga mstari kama watoto wanaoumwa jino wakisubiri kung'olewa.

Dereva alicheka akakohoa. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, hilo nalijua. Lakini kabeji kufungwa kamba kichwani, hii ndiyo naona leo."

"Si kabeji."

"Na humo ndani mna nini sasa?"

"Mna ua. Litakuwa kubwa kama kichwa chako, ila lenyewe litakuwa na faida."

Akawa anaziangalia tu. Laiti ningeangalia yale macho yake vizuri.

Siku chache baadaye nikakuta moja imefunguka kabisa, majani yamelala huku na huku, ua liko wazi linaota jua. Nikasema upepo. Nikafunga tena. Kesho yake ndiyo nikakuta yale mafundo matatu ya mbuzi. Na siku iliyofuata kitambaa chekundu hakikuwa pembeni. Kilikuwa kwenye koliflawa ya tatu, na ile ya pembeni imefungwa cha bluu.

Nilisimama pale nikiwa nimeshika kiuno. Mimi nilifunga chekundu pembeni. Au sikufunga? Nilikumbuka kabisa. Au nakumbuka nilivyotaka kufunga? Ukishaanza kujiuliza hivyo, jamani, hakuna pa kushika. Getini hapapitiki. Ukuta ni mrefu. Jikoni tunapita wawili tu, na mwenzangu kiatu chenyewe nafunga mimi. Waliobaki ni nani? Mimi.

Sasa lazima niwaambie habari za mama yangu, maana bila hizo mtaona nilikuwa napiga kelele kwa kitambaa.

Mama alikuwa msusi. Watu walitoka mbali kuja kusukwa naye, na mstari wake kichwani ulikuwa umenyooka kama umepigwa rula. Ugonjwa wake ulianzia mikononi. Siku moja mteja akajitazama kwenye kioo, mstari umekwenda mrama. Tukacheka, na mama akacheka. Halafu akawa anafumua alichosuka na kuuliza nani kasuka vibaya hivi. Tukasema uzee. Hatukumwambia mtu, na yeye hakusema. Mpaka siku aliyokwenda sokoni na mtoto wa kaka yangu, wa miaka miwili, akarudi peke yake. Nilimkuta amekaa anamenya viazi, anaimba. Nikamuuliza, "Mama, mtoto yuko wapi?" Akaniangalia kwa upole kabisa.

"Mtoto gani?"

Tulimpata mtoto, Mungu ni mwema. Dereva ndiye aliyempata, baada ya kuzunguka na lori lake mitaa yote anapiga honi na kuita. Alikuwa kwa mwuza unga, mweupe mwili mzima. Lakini lile swali halijawahi kunitoka masikioni. Mama hakuwa mzembe. Mama alimpenda yule mtoto kuliko sisi sote. Akili ndiyo ilikuwa imeondoka bila kuaga.

Na kwa nini lile swali lilirudi na nguvu mwaka huu? Kwa sababu kitinda mimba wangu, anayefanya kazi duka la dawa, alikuwa anamaliza likizo ya uzazi. Jumatatu anarudi kazini, na mtoto wake atashinda na mimi, mchana kutwa. Mtoto tunamwita Kibonge, na ukimwona utajua kwa nini. Nilikuwa nimemngoja Kibonge miezi yote hiyo. Nimemshonea vikofia, nimemshonea mbeleko mpya yenye pamba ndani. Na sasa mikono yangu inafunga mafundo ambayo siyajui.

Nikaanza kujipima. Nikawa nataja wateja wangu wa zamani na vipimo vyao vya kiuno. Nikaficha kibiriti juu ya kabati usiku, nikajiambia, ukikikumbuka asubuhi wewe ni mzima. Asubuhi nikakikumbuka! Nikafurahi kama mtoto aliyefaulu mtihani. Nilipotoka kwenye maziwa nikaenda bustanini, kibiriti changu bado mkononi, nikakuta koliflawa mbili ziko wazi.

Nikarudi jikoni, nikamkuta Dereva anakunywa chai.

"Dereva, wewe hujagusa koliflawa zangu?"

"Mimi?" Akagonga fimbo sakafuni. "Kwa mgongo gani?"

"Basi nani anazifungua?"

Akaangalia dari. Akaangalia kikombe. "Labda unafungua mwenyewe halafu unasahau. Umri huo, Fundi."

Alisema kwa wepesi tu, kama mtu anayetupa ganda la ndizi. Mimi kwa kawaida ningemjibu maneno ambayo yangemtosha mpaka Krismasi. Siku hiyo sivyo. Nilikwenda chumbani nikaegemeza paji la uso kwenye mlango wa kabati, nikakaa hivyo mpaka chai yangu ikapoa.

Siku zile zilizobaki sikulala usingizi wa maana. Sikumwambia Dereva. Sikumwambia mtu. Mchana nafunga koliflawa, naweka kila kitambaa mahali pake, nasema kwa sauti, "Chekundu pembeni, Fundi, chekundu pembeni." Asubuhi nikirudi na maziwa nakuta vurugu. Ilifika mahali nikawa naangalia vidole vyangu kama wageni waliokaa kwangu muda mrefu na sasa naona vitu vinapotea.

Ijumaa nikakata shauri. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sikuwa tayari kuumbuliwa na kilio cha mjukuu wangu. Jumapili binti yangu akija na mizigo ya mtoto, nitamkalisha, nitamwambia: mwanangu, usiniachie mtoto. Maneno hayo hata moyoni yalikuwa machungu. Lakini nilijua nitayasema.

Jumamosi asubuhi Dereva akaketi, akanyoosha mguu. Nikachuchumaa. Kiatu kilikuwa na matope mbele, kwenye ncha, nikayafuta kama kila siku, nikadhani ni ya barabarani. Nikafunga kulia, nikafunga kushoto. Sikuhadithia chochote.

"Leo hakuna habari?" akauliza.

"Leo hakuna."

Aliniangalia kidogo, akavuta fimbo yake karibu. Nikatoka kwenda kununua maziwa.

Nilitembea mpaka kwa mwuza maziwa nikiwa napanga maneno ya Jumapili. Nikasimama kwenye foleni. Zamu yangu ikafika, akanyoosha mkono.

"Mama, lete kidumu."

Nikaangalia mkono wangu wa kulia. Nikaangalia wa kushoto. Mitupu yote. Nilikuwa nimetembea njia nzima mikono inaning'inia, sina kidumu, sijui hata kama niliugusa mlango wakati natoka.

"Nimesahau," nikasema. Neno lenyewe lilinichoma mdomoni. Watu wa foleni wakacheka cheko la kawaida tu, kila mtu anasahau kidumu, lakini mimi nilisikia mlango ukifungwa. Nikasema basi, imekwisha. Huu ndio mwanzo wake, ndivyo mama alivyoanza. Nikageuka kurudi nyumbani huku machozi yananitoka barabarani mchana kweupe, mimi ambaye sikulia hata nilipong'olewa jino bila ganzi.

Nikaingia kwa mlango wa mbele. Nyumba kimya. Nikafika jikoni, kidumu kile pale mezani, kinanitazama. Nikakichukua. Na nilipoinua macho nikaangalia dirishani.

Mume wangu alikuwa katikati ya koliflawa.

Miguu imenyooka, makalio yameelekea mbinguni, kichwa kimezama kwenye majani kama mtu anayetengeneza injini. Fimbo ilikuwa imetundikwa kwenye kamba ya nguo, kati ya taulo na shimizi yangu. Alikuwa amekunja mgongo ule ule! Umekunjika kama bawaba iliyotiwa mafuta. Na alikuwa anaongea.

"Kidogo tu, mama. Nikuone kidogo tu, halafu nakufunika." Akakaa akatazama. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Loo, umekua. Tangu jana umekua." Halafu akaanza kufunga, macho ameyakaza, fundo la kwanza, fundo la pili, fundo la tatu. Kitambaa chekundu kilikuwa begani kwake, cha bluu sasa amekibana mdomoni.

Sijui niwaambieje ile nafuu. Nilikaa chini. Pale pale kwenye sakafu ya jiko, kidumu mapajani. Nikavuta pumzi ikaingia mpaka mahali ambapo haikuwa imefika kwa siku nyingi. Mikono yangu ni mizima. Akili yangu ni nzima. Sijafungua kitu, sijasahau kitu, nimesahau kidumu kama binadamu wengine wanavyosahau vidumu. Nilicheka nimejiziba mdomo na aproni, nikalia ndani ya kicheko hicho hicho, nikamshukuru Mungu kwa sauti ndogo.

Halafu hasira ikaja. Ilikuwa imechelewa njiani lakini ilifika na mizigo yake yote.

"DEREVA!"

Aliruka akasimama wima kama kijana kwenye gwaride. Kisha akakumbuka. Mkono ukaenda kiunoni, uso ukakunjamana. "Aii. Aii, mgongo wangu..."

"Usijisumbue. Mgongo nimeshauona, na una afya."

Akatema kitambaa cha bluu. "Fundi. Hukwenda kwenye maziwa?"

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha uzima je? Anaumbuliwa na koliflawa! Tangu lini unainama?"

Akaangalia fimbo yake kule kwenye kamba ya nguo, kama itamjibia. "Tangu mvua zilizopita. Yale mazoezi... niliyafanya kweli, ukiwa kwenye maziwa. Mgongo ukaanza kurudi kidogo kidogo."

"Na koliflawa zangu zimekukosea nini?"

"Nilitaka kuona," akasema. Tu. Halafu alipoona hainitoshi, akaendelea. "Fundi, nimebeba mizigo maisha yangu yote. Imefunikwa turubai, imefungwa kamba, imepigwa lakiri. Nikiuliza mna nini, naambiwa endesha. Nafika, wananitolea tela, sijui nilibeba nini. Sasa nyumbani kwangu mwenyewe, mke wangu anafunika kitu anakifunga kamba, ananiambia humo mna ua kubwa kama kichwa. Nikasema hapana. Hii safari nitafungua nione." Akashusha sauti. "Nikaona mara moja. Nikaona ni jeupe. Kesho yake nikataka kuona limekua kiasi gani. Ikawa ndiyo furaha yangu ya asubuhi."

Nilitaka kucheka, sikumpa hiyo zawadi. Nilitembea mpaka pale alipo, nikasimama mbele yake na kidumu changu.

"Unajua uliniambia nini nilipokuuliza?"

Akafikiri. Nikaona alivyokumbuka, uso ukabadilika.

"Uliniambia umri. Uliniambia nasahau. Unajua nimekaa siku ngapi naangalia vidole vyangu? Kesho nilikuwa nimwambie mtoto asiniachie Kibonge. Nilishayapanga maneno. Nilikuwa nasikia 'mtoto gani' usiku kucha, Dereva. Wewe ndiye uliyezunguka na lori ukipiga honi. Wewe, kati ya watu wote, ndiye uliyenijibu hivyo."

Hapo mume wangu akakaa chini kwenye matope. Mtu mzima, na suruali yake ya kutokea. Akafunika uso kwa mikono yenye udongo.

"Sikufikiria," akasema. "Nilikuwa najitetea tu. Nilisema lililokuja mdomoni. Wallahi sikumfikiria mama. Nisamehe, Fundi. Nisamehe."

Nikamwacha akae hivyo kidogo, nisiseme uongo. Alistahili. Halafu na mimi nikakaa, maana kumkasirikia mtu aliye chini huku umesimama kunachosha shingo. Tukakaa kwenye matope kama watoto waliofukuzwa darasani.

"Na viatu?" nikamuuliza. "Tangu mvua zilizopita unainama, na mimi kila asubuhi nachuchumaa nakufunga viatu kama mtumishi. Viatu vina turubai gani?"

Alichukua bonge la udongo akalivunja vunja.

"Zamani nilikuwa naondoka umelala," akasema. "Narudi, umelala. Sijawahi kuwa na asubuhi na wewe mpaka mgongo ulipoharibika. Ukinifunga viatu unakaa pale, unanihadithia. Nilijua nikisema nimepona, utaniambia jifunge mwenyewe, nina kazi."

"Ningekuambia hivyo hivyo!"

"Ndiyo nasema."

Mniambie nyinyi, mtu kama huyu unamfanya nini? Nilimpiga bega na kidumu, si sana. Halafu nikalaza kichwa pale pale nilipopiga. Roho yangu ilikuwa imetulia kama nguo iliyopigwa pasi, na sikutaka kuikunja tena siku hiyo kwa jambo lolote.

Baadaye tukazikagua. Nilikuwa na haki ya kuona hasara. Zile za mbele, alizozoea kuzifungua, zilikuwa zimeshaanza unjano. "Hizi utakula wewe," nikamwambia, "na uchungu wake ni wako." Akakubali bila kubisha. Kule mwisho, karibu na ukuta, kulikuwa na moja ambayo fundo lake lilikuwa gumu ajabu, kitambaa kimekazwa mpaka kimekuwa uzi.

"Hiyo nilishindwa," akakiri. "Niliifunga siku ya kwanza, sikuweza tena kuifungua. Nimejaribu hata kwa meno."

Jumapili binti yangu akaja, Kibonge mgongoni, mabegi mikono yote miwili. Kabla hajaketi nikampeleka bustanini na mkasi wangu wa kushonea. Nikakata lile fundo la mbuzi. Majani yakaachia polepole, na ndani yake ua lilikuwa limejaa, jeupe, limekaza, halina doa hata moja, kama shuka la mgeni. Dereva aliguna. Alisogea akainama, mbele ya binti yake, akanusa.

"Baba!" binti yangu akasema. "Mgongo?"

"Muulize mama yako," akasema Dereva. "Mimi leo sina la kusema."

Nikamsimulia yote tukiwa tunapika. Kicheko kilimshika nilipofika kwenye fimbo na shimizi, akashika meza. Nilipofika kwenye maneno niliyokuwa nimeyapanga, aliacha kucheka. Akazima jiko, akanishika mikono yote miwili.

"Ungeniambia kweli, mama?"

"Ningekuambia."

"Basi ndiyo maana nakuachia mtoto," akasema. Akawasha jiko tena, tukaendelea kupika.

Jumatatu asubuhi Dereva aliinama akajifunga viatu mwenyewe, kwa madaha, mafundo matatu kila mguu. Akasimama. Akatembea mpaka mlangoni. Akarudi akaketi kwenye kiti chake, akaninyooshea mguu.

"Nadhani vimelegea," akasema.

Nilikuwa na Kibonge kiunoni. Nilimwangalia yule mzee, nikaangalia kiatu ambacho hata nyundo isingekifungua. Nikamweka Kibonge mapajani mwake, nikachuchumaa, nikaanza kufumua yale mafundo kwa kucha huku namhadithia kwamba binti wa mwuza unga kaposwa na kakataa. Alisikiliza mdomo wazi, na mtoto naye mdomo wazi.

Saa sita mchana Dereva yuko zake kwa fundi pancha, mimi niko bustanini natoa viwavi, mbeleko nimeifunga kifuani kwa fundo langu la kitanzi, simu ikalia. Alikuwa binti yangu. Nyuma yake nilisikia wateja wa duka la dawa.

"Mama. Mtoto yuko wapi?"

Aliuliza kama mama yeyote anavyouliza siku ya kwanza, hakuwa na nia yoyote. Lakini mimi nilisimama wima kabisa, nikapeleka mkono nyuma, nikashika kile kimguu kinene kinachoning'inia ubavuni mwangu.

"Yuko mgongoni kwangu," nikasema. "Amelala. Ameninyonyea kola mpaka imelowa." Na kabla hajasema kitu nikasema tena, kwa raha tu ya kulisema: "Yuko hapa, mwanangu. Yuko hapa."